Mwakilishi Wadi Hana Mfuko wa Maji: Ombi la Tulia Huingiaje Kwenye Bajeti ya Kaunti?

Swali ambalo mwakilishi wadi yeyote hulisikia kabla hajaketi ni moja: "Mheshimiwa, umetuletea nini?" Tulia haina tofauti na masoko mengine ya Kitui Magharibi. Awe amekuja mazishini, kwenye harambee ya kanisa au kwenye fainali ya kandanda ya vijana, ataondoka na orodha: kioski cha maji, karo ya mtoto aliye kidato cha tatu, kivuko cha mto unaofurika mvua za Novemba zikianza, dawa za zahanati. Mahitaji hayo ni ya kweli. Lakini sehemu kubwa ya orodha hiyo hupewa mtu ambaye sheria haimruhusu kuitekeleza, tena siku ambayo hakuna anayeandika.

Makala haya yanaeleza kazi ya mwakilishi wadi ni ipi, mikutano ipi ina uzito, na ni mwezi gani ombi la kijiji lina nafasi ya kuingia kwenye bajeti. Mkazi anayezijua tarehe hizo huenda mbali kuliko anayejua namba ya simu ya mheshimiwa.

Sheria inampa kazi gani

Kaunti ya Kitui ina wadi 40 katika maeneo bunge 8. Kitui Magharibi ina wadi nne: Mutonguni, Kauwi, Matinyani na Kwa Mutonga/Kithumula. Kila wadi huchagua mwakilishi mmoja. Wengi humwita MCA; wazee bado humwita diwani, jina lililobaki kutoka enzi za mabaraza ya miji na wilaya kabla ya uchaguzi wa Machi 2013.

Kazi yake imeandikwa katika kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Anatakiwa kukaa karibu na wapiga kura na kushauriana nao juu ya mambo yaliyo mbele ya bunge la kaunti. Anatakiwa kupeleka maoni na mapendekezo yao bungeni, kuhudhuria vikao vya bunge na vya kamati, na kuwa kiungo kati ya bunge na wananchi kuhusu huduma za umma.

Sehemu ya pili ya kifungu hicho husomwa na wachache. Inasema mwakilishi wadi asijihusishe, moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwingine, na kazi za utendaji za serikali ya kaunti, wala asitoe huduma kana kwamba yeye ni afisa au mwajiriwa wa kaunti. Kwa lugha ya kila siku: haajiri muuguzi, halipi mkandarasi, hatumi tingatinga. Tingatinga likifika kijijini limetumwa na idara inayohusika na barabara, kwa pesa zilizopitishwa na bunge zima. Picha zinazopigwa mbele ya tingatinga husimulia hadithi nyingine, lakini sheria ni hiyo.

Hii haimaanishi kwamba mwakilishi hana nguvu. Anapiga kura juu ya sheria na bajeti. Anaweza kuuliza maswali rasmi na kudai taarifa kutoka kwa idara. Na Ibara ya 195 ya Katiba inalipa bunge la kaunti pamoja na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi au habari, kwa mamlaka kama ya Mahakama Kuu katika kumlazimisha afike. Waziri wa kaunti huitwa. Msimamizi wa hospitali huitwa. Mkandarasi aliyeacha msingi wa zahanati ukiota majani naye anaweza kuitwa.

Kwa hiyo zahanati ikikosa dawa, kumwomba mheshimiwa anunue boksi moja la dawa ni kumwomba kidogo mno. Ombi lenye uzito ni hili: suala hili lifike kwenye kamati ya afya, waziri aeleze dawa ziliagizwa lini na zimekwama wapi, na jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu za bunge. Boksi la dawa litaisha baada ya siku chache. Jibu lililoandikwa linaweza kufuatiliwa.

Juni ni kuchelewa

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Wakazi wengi husikia habari za bajeti mwezi Juni, inaposomwa na kujadiliwa redioni, na wengine huandika maombi yao wakati huo. Kufikia hapo karibu kila kitu kimeamuliwa.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imepanga safari ya bajeti hatua kwa hatua. Kufikia 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka lazima uwe umefikishwa kwenye bunge la kaunti. Huu ndio waraka unaotaja miradi ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata, yaani miezi kumi mbele. Nao huchota kutoka kwenye mpango mkubwa wa miaka mitano, unaojulikana kwa kifupi kama CIDP. Ule unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027.

Kufikia 28 Februari, serikali ya kaunti hupeleka bungeni Taarifa ya Sera ya Fedha ya Kaunti. Jina lake halivutii mtu, lakini hapa ndipo kila idara huwekewa kikomo cha matumizi: maji kiasi hiki, afya kiasi hiki, kilimo kiasi hiki. Sheria inataka maoni ya umma yazingatiwe wakati wa kuiandaa, na bunge lina siku 14 tu za kuijadili na kuipitisha, ikiwa na marekebisho au bila. Kufikia 30 Aprili makadirio kamili ya bajeti hufika bungeni. Kufikia 30 Juni sheria ya kuidhinisha matumizi huwa imepitishwa.

Kwa nini Februari ni muhimu kuliko Juni? Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema kwamba bunge likibadilisha makadirio, nyongeza au punguzo kwenye fungu la idara haliwezi kuzidi asilimia 1 ya kikomo chake. Na nyongeza yoyote lazima itolewe mahali pengine.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme idara ya maji imewekewa kikomo cha shilingi milioni 500. Asilimia 1 ni milioni 5. Wawakilishi wa wadi zote 40 wakigawana nyongeza hiyo sawasawa, kila wadi inapata shilingi 125,000, ambazo haziwezi kuchimba kisima hata kimoja. Mwakilishi anayeahidi kisima mwezi Juni, wakati kisima hicho hakikuwemo kwenye mpango wa Septemba wala kwenye vikomo vya Februari, anaahidi kitu ambacho kanuni zimekwisha kumfungia. Na mkazi aliyengoja hadi Juni ili aombe, kwa vitendo anaomba cha mwaka mwingine.

Tarehe hizi zina ugumu wake kwa mkulima. Mikutano ya kuandaa mpango wa Septemba huangukia miezi ya kiangazi, mashamba yakingoja mvua za Oktoba, na hapo kuna nafasi ya kuhudhuria. Ile ya Februari hukuta watu wakimalizia kuvuna na kupura ndengu. Kijiji kinachojua hivyo hutuma watu wawili au watatu wakiwa na maneno ya wote, badala ya kungoja siku ambayo kila mtu atakuwa na nafasi.

Mkutano upi ni upi

Si kila mkusanyiko chini ya mti una uzito sawa. Baraza la chifu ni la serikali ya kitaifa. Hapo huzungumzwa usalama, vitambulisho, pombe haramu, migogoro ya mipaka. Mkutano ambao mwakilishi wadi ameuitisha mwenyewe ni wa kushauriana, na sheria inamtaka afanye hivyo, ila yanayosemwa huko hutegemea kama ameyaandika na kama atayapeleka. Kambi ya matibabu, mashindano ya kandanda au hafla ya kugawa miche ina faida yake, lakini si mahali pa kupanga bajeti.

Kikao rasmi cha ushirikishaji wa umma ndicho tofauti. Huitishwa na idara ya serikali ya kaunti au na kamati ya bunge la kaunti, kwa tangazo, kuhusu waraka au mswada unaotajwa. Kuna orodha ya waliohudhuria, na maoni huandikwa kwenye ripoti. Ofisi ya msimamizi wa wadi ndiyo mahali pa kwanza pa kuuliza kitafanyika lini na wapi, na mkazi ana haki ya kuomba waraka wenyewe kabla ya siku hiyo. Kufika bila kuusoma ni kama kwenda mnadani bila kumwona ng'ombe.

Kwamba vikao hivi si mapambo, mahakama ilikwisha kusema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, katika kesi ya Robert Gakuru na wenzake dhidi ya Gavana wa Kiambu, ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya ada na kodi za kaunti ilianguka. Tangu hapo kaunti zote 47 zinajua kwamba orodha ya mahudhurio yenye majina machache inaweza kuletwa mbele ya jaji.

Lakini kesi hiyo ina upande wa pili ambao wananchi hawausemi sana. Kaunti ikitoa tangazo kwa wakati, ikaweka kiti na kalamu, na kijiji kisifike, ni vigumu baadaye kudai kwamba kilisahauliwa.

Jirani zetu wa Makueni

Kaunti jirani ya Makueni, yenye wadi 30, imejulikana nje ya Kenya kwa namna ilivyopanga jambo hili wakati wa ugavana wa Profesa Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022. Mazungumzo ya bajeti huko yalianzia kijijini, yakapanda hadi kundi la vijiji, kisha sehemu ya wadi, wadi, kaunti ndogo na mwisho kongamano la kaunti nzima. Ngazi sita. Kila ngazi ilichagua watu wake wa kuipeleka sauti juu, na miradi ilisimamiwa na kamati za wakazi wenyewe.

Ngazi nyingi namna hiyo huchosha, na mtu mwenye mbuzi wa kuchunga ana haki ya kulalamika. Kinachofaa kuigwa Tulia hakihitaji sheria mpya: kijiji kufanya uamuzi wake kabla ya kikao cha wadi. Watu wa vijiji vitano wakifika kila mmoja na kisima chake, ripoti itaandika "maji". Wakifika wamekubaliana kwamba mwaka huu ni bwawa la mchanga kwenye mto fulani, na kisima cha kijiji fulani mwaka ujao, ripoti itakuwa na mradi wenye jina. Ukambani kuna mwethya tangu zamani; watu waliozoea kukubaliana shamba la nani lilimwe Jumatatu wanaweza kukubaliana juu ya hili.

Mlango sahihi

Mambo mengine hayawezi kutatuliwa na bunge la kaunti hata likae usiku kucha, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Maji, zahanati na vituo vya afya, masoko, kilimo na mifugo, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na barabara za kaunti ni kazi ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi, vitambulisho na barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Kitui na Kabati hadi Migwani, kwa mfano, iko chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Tuta likihitajika hapo, mwakilishi wadi anaweza kuandika barua kama mtu mwingine yeyote, lakini hawezi kulipigia kura.

Darasa la shule ya msingi likipasuka ukuta, mlango ni wa mbunge na kamati ya hazina ya maendeleo ya eneo bunge, NG-CDF. Mzee au mama aliyefikisha miaka 70 na hajaingizwa kwenye mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, aende kwa chifu au ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo.

Basari ndizo huchanganya wazazi zaidi. Kuna za kaunti, kuna za NG-CDF, kuna za hazina inayosimamiwa na ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Ni mifuko tofauti, yenye fomu na tarehe tofauti, na majina huchujwa na kamati. Mzazi aweke mapema nakala za cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chake, barua ya shule na taarifa ya karo, na kama ni yatima, vyeti vya vifo vya wazazi. Wengi hukosa kwa sababu ya karatasi moja. Akitokea mtu anayedai chochote ili jina lipite, hiyo ni hongo, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hupokea ripoti hata za watu wasiotaka kutajwa.

Mwakilishi asipojibu

Hutokea. Simu hazishikwi, ofisi ya wadi imefungwa, kikao kimepita. Mkazi bado ana njia ambazo hazihitaji ruhusa ya mheshimiwa.

Ya kwanza ni ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kuliomba bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake, ikiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Ombi linaweza kuandikwa kwa mkono na kwa Kiswahili. Lieleze tatizo, liseme ni ofisi gani ilikwisha kuelezwa na ilijibu nini, liseme kama jambo hilo liko mahakamani au la, na mwisho lieleze wazi bunge linaombwa kufanya nini. Hapo chini ziwe sahihi au alama za vidole gumba, pamoja na majina na namba za vitambulisho. Lipelekwe kwa karani wa bunge la kaunti mjini Kitui. Watu thelathini wa Tulia wenye ombi moja lililoandikwa vizuri hushughulikiwa tofauti na watu thelathini waliopiga simu.

Ya pili ni haki ya kupata habari. Chini ya sheria ya mwaka 2016, mkazi anaweza kuandika kwa ofisi yoyote ya umma kuuliza, kwa mfano, kioski cha maji ambacho hakijatoa tone kilipewa mkandarasi gani, kwa shilingi ngapi, na amelipwa kiasi gani. Kuwasilisha ombi hilo hakulipishwi, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa, malalamishi huenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman. Afisa anayejua kwamba swali litakuja huweka faili yake vizuri zaidi. Hilo linakubalika hata ndani ya ofisi za serikali.

Ya tatu ni kwenda kuketi na kutazama. Ibara ya 196 inataka bunge la kaunti lifanye kazi zake kwa uwazi na vikao vyake pamoja na vya kamati viwe mbele ya umma. Mkazi yeyote anaweza kupanda matatu hadi mjini Kitui, akaketi sehemu ya wageni, akasikia mwakilishi wake anasema nini, au kama anasema.

Ombi lililo tayari

Kuna jambo moja dogo ambalo huangusha miradi mingi iliyokwisha kupata pesa: ardhi. Kaunti haiwezi kujenga kioski, zahanati au darasa la chekechea kwenye shamba la mtu kwa maneno ya mdomo. Familia ikikubali kutoa kipande, ridhaa iandikwe na isainiwe na wote wanaohusika, wakiwemo wake na watoto watu wazima, kabla ya kikao, kwa kuwa mgogoro ukizuka mkandarasi akiwa kazini, pesa hurudi na mwaka wa fedha hufungwa.

Karatasi ya kijiji itaje mradi mmoja, mahali ulipo, kaya zinazotarajiwa kunufaika, chanzo cha maji au barabara iliyo karibu, na kile ambacho wakazi wenyewe watatoa, iwe ni mawe, mchanga au siku za mwethya. Ukurasa mmoja unatosha. Ipelekwe nakala tatu: kwa msimamizi wa wadi, kwa ofisi ya mwakilishi wadi, na moja ibaki na katibu wa kijiji ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kama imewasilishwa kabla ya Septemba, nakala hiyo yenye muhuri ndiyo ya kubeba Februari, kikao cha vikomo kitakapoitishwa.